Moja Kati ya Elfu

Filamu ya Winchester '73, iliyoongozwa na Anthony Mann mwaka 1950, inaanza na bunduki iliyo ndani ya kioo. Tuko Dodge City, jimbo la Kansas, tarehe 4 Julai 1876, siku ambayo Marekani inatimiza miaka 100. Wanaume na watoto wamesongamana mbele ya sanduku la kioo wakiikodolea macho bunduki hiyo. Hakuna anayeuliza itamuua nani. Wote wanataka kujua ni nani ataipata.

Watu wengi wanaikumbuka kama filamu ya kisasi: Lin McAdam, anayechezwa na James Stewart, anamsaka mtu aliyemuua baba yake. Mimi kila nikiitazama naona kwamba kisasi ni uzi tu wa kushonea mambo. Filamu hii inahusu tamaa ya kumiliki kitu adimu, na ni filamu hiyohiyo iliyowafundisha Wamarekani wengi kuanza kukusanya bunduki za aina hii. Kwa hiyo ukitaka kuielewa hobi ya watu wanaotoa mamilioni ya dola kwa bunduki kuukuu ambazo hawatazifyatua kamwe, hapa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hoja yangu ni fupi. Uadimu haumo ndani ya chuma. Kuna mtu huutengeneza: kiwanda, studio ya filamu, dalali wa mnada, au serikali kwa sheria zake. Na kila unapotengenezwa, yapo majina yanayoandikwa kwa dhahabu na yapo yanayoachwa nje ya daftari.

*

Kwanza tuifahamu bunduki yenyewe. Winchester ya mwaka 1873 ni bunduki ya wenzo. Chini yake, kuzunguka kifyatuo, kuna mkono wa chuma unaopenya vidole. Ukiusukuma chini, ganda tupu linarushwa nje. Ukiurudisha juu, risasi mpya inaingia kwenye mtutu. Risasi zenyewe zimepangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Mpiga risasi hana haja ya kusimama kupakia kila mara. Leo jambo hilo halishangazi, lakini katika karne ya 19, wakati askari wengi duniani walikuwa wakipakia risasi moja moja, tofauti hiyo iliamua nani anabaki hai.

Ukoo wake unaanzia kwa fundi Benjamin Tyler Henry, aliyepata hataza yake mwaka 1860 akiwa mwajiriwa wa Oliver Winchester, mtu aliyetajirika kwanza kwa kushona mashati. Bunduki za Henry zilitengenezwa kama 14,000 hivi. Mwaka 1866 ikafuata ya kwanza yenye jina la Winchester, yenye mwili wa rangi ya shaba ing'aayo, na mwaka 1873 ikaja hii ya kwenye filamu.

Sasa hapa pana jambo la kuchekesha. Winchester ya 1873 haikuwa adimu hata kidogo. Kiwanda kiliendelea kuitoa hadi karne ya 20, na jumla yake ikapita 700,000. Kitu kilichotengenezwa mara laki saba kinawezaje kuwa nadra?

Jibu liko kwenye katalogi ya kampuni ya mwaka 1875. Winchester walitangaza kwamba mitutu yote hujaribiwa kwa shabaha, na ile inayotoa matokeo bora kupita mengine itatengwa, ifungwe kwenye bunduki yenye umaliziaji wa hali ya juu, ichorwe maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Moja Kati ya Elfu", na iuzwe dola 100. Iliyofuatia kwa ubora ingeitwa "Moja Kati ya Mia", kwa nyongeza ya dola 20 tu. Lilikuwa wazo la biashara, na kama wazo la biashara lilikuwa na ufa: ukimwambia mteja kwamba moja kati ya elfu ndiyo bora, umemwambia pia kwamba 999 zilizobaki si bora. Mpango haukudumu. Za "Moja Kati ya Elfu" za modeli ya 1873 zilizotoka kiwandani zilikuwa kama 130 na ushei.

Kwa miaka mingi bunduki hizo zililala kwenye makabati ya watu, nyingine bila wenyewe kujua walichonacho. Mwaka 1950 studio ya Universal ilipotaka kuitangaza filamu yake, ilisambaza mabango ya kuwatafuta wamiliki wa zile zilizosalia. Watu wakaenda stoo, wakafuta vumbi, wakasoma maandishi juu ya mtutu. Bunduki ya babu ikageuka hazina kwa sababu ya bango la sinema. Hapo ndipo wengi wanapoweka mwanzo wa ukusanyaji wa Winchester kama unavyojulikana leo.

*

Tuirudie filamu, maana ina akili kuliko tangazo lake.

Lin anashinda bunduki hiyo katika shindano la shabaha, akimshinda Dutch Henry Brown, yuleyule anayemsaka. Hajakaa nayo hata siku moja. Dutch Henry anampiga na kumpora. Kisha Dutch Henry anaipoteza kwa Lamont, mfanyabiashara anayewauzia silaha Wenyeji wa Marekani. Lamont anauawa na chifu Young Bull anayeitaka. Young Bull anakufa katika shambulio dhidi ya kambi ya askari. Bunduki inaokotwa, inakabidhiwa Steve Miller, mtu mwoga ambaye tayari amejiaibisha mbele ya mchumba wake Lola. Steve anauawa na jambazi Waco Johnnie Dean, anayechezwa na Dan Duryea kwa kicheko kinachokera masikioni. Kutoka kwa Waco inarudi kwa Dutch Henry, na mwisho, baada ya majibizano ya risasi juu ya majabali, inarudi kwa Lin. Njiani tunagundua kwamba Dutch Henry ni ndugu yake wa damu.

Ukiitazama kwa macho ya mkusanyaji, hii ni hati ya umiliki: nani aliinunua, nani aliiuza, nani aliirithi. Wakusanyaji huithamini hati kama hiyo kuliko karibu kila kitu. Mann ameigeuza kuwa orodha ya vifo. Kila aliyeishika isipokuwa mmoja ameingia kaburini, na karibu hakuna aliyepata nafasi ya kuitumia vya kutosha kujua kama kweli ni bora kuliko nyingine. Hilo ndilo jambo kali katika filamu. Wanaume hawa hawaifii kazi inayofanywa na bunduki, kwa sababu bunduki ya kawaida ingeifanya kazi hiyohiyo. Wanafia maandishi yaliyo juu ya mtutu.

Tatizo la filamu liko katikati, kwa Lamont na Young Bull. Young Bull anachezwa na Rock Hudson, kijana mzungu aliyepakwa rangi na kuvishwa nywele za bandia. Desturi ya Hollywood ya wakati huo, utasema, na ni kweli. Lakini sikiliza mazungumzo yao. Lamont amemletea bunduki chakavu. Young Bull anazitupia jicho na kuzikataa, anaitaka ile nzuri iliyo mkononi mwa Lamont, na anaeleza kwa nini: amesikia jinsi wenzake walivyomshinda Custer kwa bunduki zinazorudiarudia. Ni hoja ya kijeshi, na ni sahihi. Katika vita vya Little Bighorn, tarehe 25 Juni 1876, askari wa Custer walikuwa na karabini za Springfield za kupakia risasi moja moja, huku baadhi ya wapiganaji wa Lakota na Cheyenne wakiwa na Henry na Winchester.

Kwa dakika chache, basi, filamu inatuonyesha mtu pekee ndani yake anayeihitaji bunduki ile kwa sababu isiyo ya fahari. Wengine wanaitaka wajione. Yeye anaitaka kwa sababu watu wake wanafukuzwa kwenye ardhi yao na anajua tofauti kati ya risasi moja na kumi na tano. Halafu filamu inamgeuza sauti ya kelele na farasi wanaokimbia, anapigwa risasi, na hadithi inasonga mbele kana kwamba aliyekufa ni kizuizi tu cha barabarani.

*

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kukaa zaidi kwenye eneo hilo, kwa sababu biashara ya Lamont haikuishia Marekani. Biashara hiyo ina sheria yake, na sheria hiyo ilitufikia.

Henry Morton Stanley alipojiandaa kuondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, aliorodhesha silaha za msafara wake, na orodha hiyo imo kwenye kitabu chake. Ndani yake kuna Winchester moja na Henry moja, zote mbili za risasi kumi na sita. Kuna pia bunduki za gumegume 24, yaani zile za kuwashwa kwa jiwe, teknolojia ambayo kwa wakati huo Ulaya ilikuwa imeshaiacha. Huhitaji kuwa mtaalamu kukisia zile chache za kisasa zilikuwa kwa ajili ya nani na zile 24 zilibebwa na nani. Msafara mzima unasomeka kwenye orodha hiyo, ngazi kwa ngazi, kabla hata hujafika kwenye majina ya watu.

Miaka 19 baadaye pengo hilo likaandikwa kuwa sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini na mataifa ya Ulaya, Marekani na mengine, Zanzibar ikiwemo, ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Waliosalimika ni gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na haikuwa sababu ya uongo: silaha ziliichochea sana biashara hiyo. Lakini mkataba haukuwazuia waliouandika kuingia na silaha zao wenyewe. Miaka iliyofuata ndiyo miaka ambayo bara hili lilimezwa.

Nikiisoma marufuku hiyo kisha nikamtazama Lamont akijaribu kumuuzia Young Bull vyuma chakavu huku nzuri akiikumbatia, naona jambo moja katika sehemu mbili. Winchester ilikuwa adimu mikononi mwa Young Bull na adimu mikononi mwa mtu wa Unyamwezi kwa sababu ileile. Kiwanda kilizitoa kwa maelfu. Walioamua ziende wapi ndio waliozifanya ziwe adimu. Huu ni uadimu ambao hakuna dalali anayeutaja akipandisha bei, ijapokuwa uliamua mengi kuliko maandishi yoyote ya dhahabu.

*

Nisiwatendee wakusanyaji isivyo haki. Bila wao mengi yangepotea. Katika mji wa Cody, jimbo la Wyoming, kuna makumbusho ya silaha yanayotunza madaftari ya kiwanda cha Winchester. Mkusanyaji akituma namba ya bunduki yake, anaweza kupata barua inayoeleza ilivyokuwa siku ilipoingia ghalani: aina ya risasi, umbo la mtutu, aina ya kifyatuo, siku iliposafirishwa. Watu wazima hukaa wiki nzima wakisubiri barua hiyo kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Kuna uaminifu wa kisomi katika hilo, na umekuwa kinga dhidi ya matapeli, maana palipo na bei hapakosi mtu wa kuchora "Moja Kati ya Elfu" juu ya mtutu wa kawaida.

Wana pia maadili yao, na mengine ni mazuri. La kwanza ni kutogusa. Ukiisugua bunduki kuukuu mpaka ing'ae, ukaipaka rangi upya, umeiua thamani yake. Rangi ya buluu iliyofifia yenyewe kwa miaka 140 ina bei kuliko rangi mpya inayometameta. Ni heshima kwa wakati, na wahifadhi wa majengo ya Mji Mkongwe wangeielewa mara moja.

Lakini angalia heshima hiyo inakoelekea. Kwa kawaida bei kubwa huenda kwa bunduki za namna mbili: zile ambazo karibu hazikutumika, na zile zilizoguswa na mtu mwenye jina. Mwaka 2016 Winchester ya modeli ya 1886, yenye namba 1, iliuzwa kwenye mnada wa Rock Island kwa zaidi ya dola milioni 1.2. Ilikuwa zawadi kutoka kwa rafiki kwenda kwa Henry Lawton, afisa aliyeongoza msako wa Geronimo, kiongozi wa Waapache aliyejisalimisha Septemba 1886. Kinachouzwa hapo ni namba, maandishi na jina. Na jina lililoipandisha bei, ukifikiri vizuri, ni la mtu aliyewindwa, ambaye bunduki hiyo haikuwahi kuwa yake.

Hata sheria inashiriki mchezo huu. Katika sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa kuwa kitu cha kale na haibanwi na masharti ya shirikisho yanayozibana silaha nyingine. Winchester mbili za modeli moja, zilizotoka mashine moja, mojawapo Desemba 1898 na nyingine Januari 1899, ni vitu viwili tofauti mbele ya serikali. Risasi haijui tofauti hiyo.

*

Kuna njia nyingine ya kuijua bunduki ya kale. Agosti 1983 moto uliteketeza majani kwenye uwanja wa vita wa Little Bighorn, na ardhi ikabaki wazi. Kuanzia 1984 wanaakiolojia waliupima uwanja huo kwa vitambua metali, wakaweka alama kila palipokutwa ganda au risasi. Pini ya kila bunduki huacha alama yake kwenye ganda inapoligonga, kama alama ya kidole. Kwa kulinganisha alama hizo, waliweza kuitenga bunduki moja na nyingine, na kufuatilia moja ikihama kutoka kilima hiki kwenda kile wakati mapigano yakiendelea. Waliziona Henry na Winchester za wapiganaji wa Lakota na Cheyenne zikisogea, zikimkaribia adui, zikikutana. Bunduki zenyewe hazikuwepo. Hakukuwa na mtutu wa kuuza wala maandishi ya kusoma. Lakini mtu aliyekuwa nyuma ya kitako alikuwa anaonekana, anapanda mlima, anajificha, anapiga. Kwa upande huo, maganda yaliyooza yalimpa Young Bull kile ambacho filamu ilimnyima: nia na akili.

Kisha kuna bunduki ninayoipenda kuliko zote. Novemba 2014, wanaakiolojia wa hifadhi ya taifa ya Great Basin, jimbo la Nevada, waliiona Winchester ya 1873 ikiwa imeegemezwa kwenye mti wa mreteni. Mbao za kitako zilikuwa zimepasuka na kuwa kijivu kama shina la mti wenyewe, na sehemu ya chini ilikuwa imezama udongoni. Namba yake ilipopelekwa Cody, madaftari yalionyesha kwamba ilitengenezwa na kusafirishwa mwaka 1882. Mnunuzi hakuandikwa. Mwaka huo peke yake kiwanda kilitoa zaidi ya 25,000 za modeli hiyo, na bei ilikuwa imeshuka kutoka dola 50 hadi 25. Ilikuwa bunduki ya mtu wa kawaida.

Watunzaji waliipiga picha za eksirei, wakakuta risasi moja imefichwa ndani ya tundu la kitako, ya aina iliyotengenezwa kati ya 1887 na 1911. Kwa hiyo hata mwaka ilipoachwa haujulikani. Huenda mwenyewe aliiegemeza akaenda kumfukuza farasi. Huenda alikwenda haja. Hakurudi, au alirudi akakosa kuukumbuka mti.

Uamuzi wa watunzaji ulikuwa kutoirudishia sura yake ya zamani. Waliimarisha mbao zisiendelee kumomonyoka, basi. Haikupakwa rangi wala kusuguliwa. Ilirudishwa hifadhini, na watu wakaanza kwenda kuitazama ikiwa na nyufa na ukijivu wake wote.

Kwa kipimo cha mnada bunduki hiyo ilipaswa kuwa takataka: modeli ya kawaida, hali mbaya kabisa, mmiliki hajulikani. Lakini imewavuta watu wasiojali silaha hata kidogo, na nadhani sababu ni kwamba inamwachia nafasi mtu asiye na jina. Ukiitazama huwezi kujiona wewe ukiwa umeishika, kama wanavyojiona wale wa mbele ya kioo Dodge City. Unajiuliza juu ya mwingine, aliyekuwa na dola 25, safari ya kwenda mahali, na risasi moja ya akiba ambayo hakuitumia.